Kusahau baada ya 60: haya ndo niliyojionea mwenyewe

Nimestaafu ualimu mwaka 2018 nilipofikisha miaka 60, na tangu hapo swali ninaloulizwa sana na wenzangu wa rika langu si la pensheni wala la presha. Mtu anasogeza kiti karibu, anashusha sauti, "mwalimu hivi na wewe unasahau?" Nasahau, tena sana. Majina yananipotea, sufuria naibandika naenda uani nakuta maji yamekauka, naingia chumbani nasimama sijui nilifata nini. Lakini hili jambo nimekaa nalo muda sasa, nimelisoma, nimemuuguza mtu wangu wa karibu aliyepatwa nalo kwelikweli, na nilichoona ni kwamba wengi wetu tunajikatia tamaa mapema mno. Mtu akisahau mara mbili tatu anasema bas ndo mwisho wangu umefika, anaacha kila kitu anakaa barazani, kumbe wakati mwingine tatizo lake linatibika kabisa na hakuna hata aliyemwangalia. Kwaiyo nayaandika marefu, mwenye muda asome.

Nianze na majina maana ndo yanayotutisha wengi. Mimi naishi Ngamiani, Tanga, na mji wenyewe mnaujua, barabara zina namba, baiskeli kila kona, na mimi nimefundisha shule za msingi hapahapa miaka mingi kwaiyo siwezi kutoka nyumbani mpaka soko la Mgandini bila kusimamishwa. Kijana anashuka kwenye baiskeli, "shikamoo mwalimu, umenikumbuka?" Marahaba mwanangu. Sura naijua, najua alikuwa anakaa upande wa dirisha, najua mama yake alikuwa anauza mbaazi asubuhi, mwandiko wake naweza kukuchorea hapo kwenye mchanga jinsi ulivyokuwa umelalia kushoto. Jina hakuna. Nalisikia kabisa liko karibu, naijua hata herufi ya kwanza, halitoki, alafu jioni nakosha vyombo simfikirii tena ndo linakuja lenyewe zima na la baba yake.

Hali hii inaitisha roho mpaka uijue inavyofanya kazi. Jina la mtu ndo kitu kigumu kukumbuka kuliko vyote kwasababu halina pa kujishikiza. Ukiambiwa huyu ni mvuvi unaona bahari, unaona ngalawa, unasikia na harufu ya samaki, ukiambiwa huyu anaitwa Hamisi huoni kitu, Hamisi angeweza kuitwa Juma na asingebadilika chochote. Kwa mtu mzima kinachopungua kwanza ni kasi ya kukitafuta kitu, chenyewe bado kipo kwenye kichwa na ndo maana kinarudi baadae. Kule Marekani mji wa Seattle kuna utafiti alianzisha mtaalamu K. Warner Schaie mwaka 1956, wakawa wanawapima watu kila baada ya miaka saba, wengine wakazeeka humohumo kwenye utafiti, na walichoona ni kwamba wepesi wa kufanya mambo ya haraka unaanza kushuka mapema lakini msamiati na uelewa wa maneno unashikilia mpaka mtu kavuka 60 vizuri tu. Mimi hili nimelisikia kama kusomewa habari zangu mwenyewe. Kuhesabu chenji haraka mbele ya kondakta anayenikazia macho siwezi tena kama zamani, lakini nipe barua ya kuandika, nipe kesi ya wanandoa ya kusuluhisha, nipo kamili kuliko nilivyokuwa na miaka 35.

Sasa ninachofanya kwa wale wanafunzi wangu wa njiani ni hivi. Sikazani na jina. Namuuliza, nikumbushe mwanangu, dawati moja ulikaa na nani? Akianza kutaja, akisema nilikaa na yule aliyekuwa anapiga ngoma ya mchakamchaka, hapo darasa zima linafunguka, naona ubao, naona nani kakaa wapi, na mara nyingi jina lake linakuja kwa kupitia mlango wa uani wakati mbele kumefungwa. Na hata lisipokuja, yeye kafurahi, tumesimama tumeongea, kajua namkumbuka kwa mambo makubwa kuliko jina. Tukiachana nalitaja jina lake kwa sauti, haya nenda salama Rashidi, msalimie mama, maana kulitamka nako kunaligandisha.

Sasa nije kwenye lile la kutibika maana hapa ndo nataka watu wasikilize.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda kama dini inavyotaka, miezi minne na siku kumi, na nilipotoka watu wa nyumbani wakaanza kuniona nimebadilika. Naambiwa kitu asubuhi mchana sikijui. Naulizwa swali najibu jingine. Watoto wangu wakaanza kuangaliana, nikawaona, na mmoja akasema taratibu akidhani sisikii, mama ndo uzee umeshaingia. Usiku nilikuwa silali kwaiyo nilikuwa nakunywa vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, si kwa mafua, kwa sababu vinaleta usingizi, na kila duka la dawa unavipata bila kuulizwa kitu.

Kilichonisaidia ni kwamba binti yangu mmoja ni muuguzi, yeye hakusema uzee, alisema mama twende ukaangaliwe. Tukaenda. Daktari alinipa maneno matatu nikae nayo kichwani, alafu akanipa karatasi nichore saa ya ukutani inayoonyesha saa tano na dakika kumi, nilipomaliza akaniuliza yale maneno. (Nilichora vizuri maana saa nimefundisha watoto miaka yote, lakini hapohapo nikamwambia daktari, kipimo hiki kwa bibi ambaye hajawahi kushika kalamu usikitegemee, huyo muulize mambo ya shamba na ya jiko, na yeye akakubali.) Alafu akapima presha, ikawa juu. Akaniangalia masikio, moja limejaa nta limeziba kabisa na yote mawili kusikia kumepungua. Akaniuliza dawa ninazotumia, nilipotaja vile vya njano akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba dawa za aina ile kwa mtu mzima zinazuia kitu kwenye ubongo ambacho ndo kinahitajika kwenye kumbukumbu, mtu anakuwa mzito, anachanganyikiwa, na watu wanadhani ni umri.

Mnaona hapo? Nilikuwa na mambo manne kwa wakati mmoja. Masikio yameziba, na neno ambalo halikuingia sikioni utalikumbuka vipi? Dawa inanipumbaza. Presha iko juu. Na huzuni, maana sonona nayo kwa mtu mzima inakuja na sura ya kusahau, akili yote imekwenda kwa aliyeondoka, haya mengine yanapita pembeni tu. Hakuna hata kimoja hapo ambacho dawa yake ni kukaa barazani kusubiri. Masikio yalisafishwa, vidonge niliacha, presha nikaanza dawa na naimeza mpaka leo, huzuni ilichukua muda wake na nililia nilivyotaka kulia, na miezi ilivyokwenda watoto wenyewe wakasema mama karudi.

Na yapo mengine pia. Shoga yangu ana sukari na anatumia metformin miaka mingi, akawa anasahau na miguu inachoma, kumbe dawa ile ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini na B12 ikipungua kumbukumbu inayumba. Dawa yenyewe ni nzuri asiiache, alichohitaji ni kupimwa na kuongezewa. Tezi ya shingoni ikilegea nayo inaleta hivohivo. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, yani jana mzima leo anaongea vitu havieleweki, huyo mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa UTI, inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa kiharusi, msimwekee mkeka mkasema bibi kazeeka.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitoa orodha ya mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na yanayoweza kushughulikiwa, wakasema yangeshughulikiwa yote karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuuepuka ugonjwa au ungechelewa kuwafika. Presha imo, sukari, sigara, pombe nyingi, kukaa bila mazoezi, kusikia kupungua, macho mabovu yasiyotibiwa, lehemu mbaya (kolesteroli), sonona, upweke, hewa chafu. Kuumia kichwa nako kumo, kwaiyo nyie vijana wa bodaboda mnaotundika helmeti kwenye usukani, jambo hili ni lenu tangu leo, si mpaka mzeeke.

Lakini sitaki nidanganye mtu. Kuna kusahau ambako hakurudi, na hilo nimeliishi na wifi yangu.

Wifi yangu alikuwa ndo mpishi wa ukoo. Pilau la harusi la watu mia mbili anapima kwa macho. Siku moja kwenye shughuli kasimama mbele ya sufuria kubwa, mwiko mkononi, ananiangalia mimi, ananiuliza wifi hivi kinaanza kitunguu au mchele? Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Baadae akawa anauliza kitu kimoja mara tano kwa mazungumzo ya muda mfupi, akapotea akitoka barabara ya nane kwenda ya kumi na nne, njia aliyoipita tangu msichana, akaletwa na mtoto wa jirani. Hii si ile ya jina la Rashidi. Hapa ni kazi ya mikono ya miaka yote inaanza kuvunjika, mtu anapotea kwenye mtaa wake, tabia inabadilika, na mwenyewe mara nyingi haoni kama kuna tatizo, ni nyie ndo mnaona. Mimi ninayelalamika nimesahau, angalau najua kwamba nimesahau.

Na ni ugonjwa, hii niliandika kwenye daftari nikaipigia mstari. Yule mgonjwa ambaye daktari Mjerumani Alois Alzheimer alimweleza wenzake mwaka 1906, mpaka ugonjwa ukaitwa kwa jina la daktari huyo, alikuwa mwanamke wa miaka 51 tu alipolazwa Frankfurt mwaka 1901. 51! Kwaiyo si kweli kwamba kila mzee lazima afike huko, na si kweli kwamba aliyefika huko kazeeka tu. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 57 waliokuwa wanaishi na magonjwa haya mwaka 2021, na wengi wao wako nchi za kipato cha chini na cha kati, yani huku kwetu.

Kilichonifundisha zaidi kwa wifi ni mikono yake. Alifika mahali mwanae wa kumzaa anamwita shemeji, chakula kakila sa hivi anasema hajala tangu jana. Lakini ukimwekea ukindu wa kusukia mkeka mapajani, miyaa imeshachanwa imerowekwa kidogo, vidole vinaanza vyenyewe. Vinachukua, vinapisha, vinakunja ukingoni, ukili unashuka umenyooka kama alivyosuka na miaka ishirini, haangalii hata, yeye anaangalia watu wanapita. Akifika pa kuunga mwaa mwingine anaunga bila kuulizwa. Na akisuka anatulia, ile hali ya kuzunguka zunguka kutafuta mlango inaisha. Kasida za maulidi naye anaitikia mpaka mwisho, mtu ambaye hajui leo ni siku gani. Binti yangu akanieleza kwamba vitu vya mikono na nyimbo vinakaa sehemu tofauti na ile inayoharibika kwanza. Mimi nikaona bas, tumjie huko aliko, tuache kumvuta huku tuliko sisi.

Magharibi ikikaribia alikuwa anauliza, mama karudi? Mama yake kafa zamani sisi wenyewe tulikuwa bado wadogo. Watu walikuwa wanamwambia ukweli, dada mama alishafariki, na yeye anapokea msiba upya, analia kama ndo kaambiwa leo, kesho hivohivo. Binti yangu akasema acheni, mnamfisha mama yake kila siku. Tukaanza kumjibu kwa kumuuliza, hebu tuambie mama alikuwa anapika nini magharibi? Anaanza, mchuzi wa nazi, ndizi mzuzu, alikuwa anatupiga tukichungulia sufuria, anacheka, magharibi inapita. Hatukumdanganya kwamba mama yu hai, tulikaa nae tu kwenye lile alilolitamani. Alikufa akiwa anapendwa na nyumba nzima na alikuwa anajua anapendwa, hilo mimi nina uhakika nalo, hata majina yetu alipokuwa hana tena.

Nikifikiria hayo nakumbuka Shinyanga. Nilipangiwa kazi huko nikiwa mwalimu kijana, miaka ya themanini mwanzoni, mimi mtoto wa pwani najikuta Usukumani. Kulikuwa na bibi jirani na shule, macho yake mekundu, anaongea peke yake, anaingia nyumba za watu akidhani ni kwake. Watoto wanafundishwa wamkimbie. Macho mekundu kule yalikuwa yanatafsiriwa kuwa ni ya mchawi, na mnajua bibi wangapi wamepoteza maisha kwa tafsiri hiyo. Macho yanakuwa mekundu kwa moshi, mtu kapikia kinyesi cha ng'ombe kikavu na mabua maisha yake yote ndani ya jiko lisilo na dirisha. Na kuongea peke yake na kuingia nyumba isiyo yake, leo baada ya kumuuguza wifi, najua kabisa nilichokuwa nakiona. Alikuwa mgonjwa wa kumbukumbu. Kwaiyo mtu akiniambia mwalimu haya mambo ya kuwafundisha watu kuhusu kusahau ni anasa ya wazungu, mimi namwambia hapana, huku kwetu kutokujua kumeua.

Sasa mtazamo. Watu wanasema uwe na fikra chanya, ni maneno yanayosemwa mpaka yamechosha, na mimi siyataki kama ni ya kumfanya mgonjwa ajione kaugua kwasababu hakufurahi vya kutosha. Wifi yangu alikuwa mtu wa furaha kuliko mimi na ugonjwa ulimchukua. Lakini kuna kitu kweli hapo. Mwaka 2002 mtaalamu wa chuo kikuu cha Yale, Becca Levy, na wenzake walichapisha utafiti wa watu 660 wa mji mmoja wa jimbo la Ohio, wote walikuwa na miaka 50 na kuendelea walipoulizwa wanauonaje uzee wao, alafu wakafuatiliwa miaka mingi. Wale waliouona uzee wao kwa jicho zuri waliishi wastani wa miaka 7 na nusu zaidi ya waliouona vibaya. Haina maana kwamba kuwaza vizuri peke yake kunakuongezea miaka saba, ila mtu anayeamini bado ana kesho anameza dawa zake, anatoka nje, anajifunza kitu, anayeamini kaisha hata kuoga anaona ya nini.

Na kwetu hapa mtazamo haukai kichwani kwako peke yako, unawekwa na watu. Sisi tuna heshima kwa wazee, na ndani ya heshima hiyo kuna kitu kinachotuangusha, nayo ni "pumzika." Bibi pumzika, usinyanyue hicho. Mama pumzika, sokoni ataenda dada. Mama simu niachie mimi nikutumie hela. Wanakupenda, wanakuondolea kimoja kimoja, na siku unashtuka huna unalolikumbuka kwasababu huna unalotakiwa kulikumbuka.

Mimi palipokaribia kunitokea ni kwenye kikoba, yani kikundi cha kuweka na kukopeshana hela. Ni mwekahazina wa kikoba chetu cha kina mama, na nilipokuwa kwenye kile kipindi kibaya kuna waliosema kwa upole kabisa, mwalimu tumpumzishe. Nilikataa, niliomba tu nipewe msaidizi binti kijana wa kuhakikisha hesabu pamoja na mimi. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Kabla ya kufunga mkutano salio linatajwa kwa sauti, hisa kiasi gani, mfuko wa jamii kiasi gani, na kila mtu anaondoka nalo kichwani, mkutano unaofuata tunaulizana kabla sanduku halijafunguliwa. Nilikuwa naenda nyumbani nikilirudia salio njiani, nalirudia baada ya isha, nalirudia asubuhi, siku ya mkutano nasimama nalitaja, alafu funguo tatu zinazungushwa, zinahesabiwa, ziko vilevile. Ile hali ya wanawake wote kusema eeeh mwalimu, jamani hakuna kidonge kinachonifikia hapo.

Kurudia kwa kuachia nafasi, yani sasa hivi, alafu usiku, alafu kesho, alafu baada ya siku kadhaa, kunafanya kazi kwa mzee kama kwa mtoto, tofauti ni mzee anahitaji marudio mengi zaidi na asijilinganishe. Nimejiunga na darasa la Qurani la watu wazima, nimehifadhi Suratul Mulk, aya 30. Mjukuu wangu aliimaliza kwa muda mfupi sana akaniacha mbali, anakuja kunisikiliza, "bibi hapo umeruka," narudia. Ile dua ya kujikinga na kurudishwa kwenye umri dhalili naisoma kila siku na ninaisoma kwa moyo wote, na baada ya kuisoma natoka nikatembee, maana kuomba na kukaa hakuendi pamoja.

Kutembea nako nilikuwa nakudharau. Mwaka 2011 kulitoka utafiti wa wazee 120 Marekani, nusu walitembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, na ile sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya, inaitwa hipokampasi, ikaongezeka kwa asilimia 2, wakati wale waliokuwa wananyoosha viungo tu ilipungua. Hakuna cha kununua hapo. Sisi tunakwenda asubuhi kina mama watatu mpaka Raskazone, upepo wa bahari, na tukienda tunaongea, na kuongea huko ndo nusu ya dawa maana upweke umo kwenye ile orodha ya 14.

Na yule mzee wa Kenya, Kimani Maruge, sijui kama vijana mnamkumbuka. Serikali yao ilifanya elimu ya msingi bure mwaka 2003, yeye mwaka 2004 akiwa na miaka 84 akaenda kuandikishwa darasa la kwanza Eldoret, kavaa kaptula na soksi, kakaa na watoto. Mwaka uliofuata alikuwa New York anazungumzia elimu mbele ya Umoja wa Mataifa. Mimi kama mwalimu namfikiria sana, maana najua jasho la mtu kushika herufi, na yeye alizishika kwa umri ambao wengine tunasema akili haiingii kitu.

Mengine ni ya kawaida tu. Nina daftari moja, si matatu, linakaa juu ya meza ya chakula. Funguo zina msumari wake. Nikibandika sufuria sitoki jikoni, nachukua kiti. Dawa ya presha naimeza nikimaliza kusali alfajiri, nimeifunga na kitu ambacho sikikosi. Namba ya siri ya simu sijaiandika popote pamoja na simu, na yeyote anayepiga akisema mama hela imekuja kwako kimakosa irudishe, nakata, namwita mwanangu, hapo sioni aibu wala sijifanyi najua, maana hao wanatutafuta sisi wazee makusudi.

Kwa nyie wenye wazazi, mmeniuliza wengi mwanzo uwe wapi. Mwanzo ni hospitali, na vituo vingi vina dirisha la wazee kwa waliofika miaka 60, ulizeni. Mwombeni daktari aangalie masikio na macho kabla ya kichwa, apime presha na sukari, aulizie B12 na tezi. Semeni mabadiliko yalianza lini na yalianza na nini, mmoja wenu anayeishi nae ndo aende, si yule anayetuma hela kutoka mbali. Na kabla hamjatoka nyumbani chukueni mfuko mtie dawa zote anazotumia, zote kabisa, za hospitali, za kununua dukani, vile vya usingizi alivyovificha chini ya mto, na mizizi ya yule mzee wa dawa za kienyeji, mzimwage mezani kwa daktari azione.